Picha ya Kichwa cha Yotamu

Siku mliponiaga mlinipa kipaza sauti, nikasema asanteni, nikakaa. Sista wa zamu akaniinamia sikioni, "Mzee Halinga, wewe usiyenyamaza hata ukipiga deki, leo umepatwa na nini?" Nikamwambia nitaandika. Akacheka, maana anajua niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza ndevu zimeshaota. Lakini ahadi ni ahadi. Nimekaa hapa nyumbani Vwawa, kahawa imeanikwa uani, mke wangu anapita kila mara kuuliza naandika nini. Namwambia naandika kazi. "Kazi si umestaafu?" Namjibu ndiyo, nimestaafu, aniletee chai.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Cheo nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho, na mshahara mnaujua.

Niliingia hospitali miaka ile ya ruksa, sabuni zilipoanza kuonekana tena madukani. Kabla ya hapo nilikuwa navuka Tunduma kwenda upande wa pili kutafuta sabuni na mafuta ya kula. Unasalimia *mulishani* kwa Kibemba cha Wazambia, unalipa, unajifunga vitu tumboni chini ya shati, unarudi unatembea kama mjamzito, na askari wa mpaka anajua kabisa kwamba wanaume hawabebi mimba. Sasa ruksa ilipokuja, kila mtu akauza sabuni, biashara yangu ya tumboni ikafa. Ndipo nikaomba kazi ya usafi.

Asubuhi ya kwanza nilipewa ndoo na fagio, nikaambiwa nichague wodi. Nikauliza ipi ina watu wachache. Wakanionyesha ile ya nyuma, karibu na jiko la kuni. Hakuna aliyeniambia kwa nini ina watu wachache. Nilifungua mlango, mwanamke mmoja aliyekaa sakafuni akanitazama, akasema, "Umechelewa, wamekwisha kunizika." Nikaweka ndoo chini nikatoka nje. Nilikuwa nimedhamiria kurudi Tunduma.

Nje pale ndipo alipokuwa Mzee Silwimba, mhudumu wa zamani, mtu wa Ileje, mrefu, anavaa gambuti hata kiangazi. Hakunishika wala kunibembeleza. Aliniuliza, "Umemsalimia?" Nikasema hapana. "Basi kosa ni lako. Rudi umsalimie, ndiyo kazi yenyewe. Deki ni ya ziada." Nikarudi, nikamsalimia yule mama kwa Kinyiha, akaitikia vizuri kabisa kama mtu yeyote njiani, akauliza habari za nyumbani. Kisha akaendelea na maziko yake.

Nyinyi mmesomea mambo haya vyuoni, mimi nilisomea kwa Silwimba. Alinifundisha kwamba funguo hazichezewi mkononi, zinakaa mfukoni, maana ukizitikisa mbele ya mtu uliyemfungia umemtukana yeye na mama yake. Alinifundisha kutomjia mgonjwa kwa nyuma. Mgonjwa akidhani uji una sumu, usibishane, chukua kikombe unywe kwanza wewe. Nimekunywa uji mwingi sana katika kazi hii, tumbo hili mnaloliona ni la serikali. Na ile sindano ya mwezi, dawa yake ni ya mafuta, asubuhi za Juni huku kwetu inakuwa nzito kama asali, basi muuguzi akitaka kuchoma, sisi wahudumu tulikuwa tunazitia zile chupa kwapani zipate joto. Nilikuwa natembea wodini na dawa za watu wawili kwapani, huku nagawa uji. Sijui kama siku hizi inaruhusiwa. Ilifanya kazi.

Ngoja nirudi kwenye ninachotaka kusema, maana mke wangu ameleta chai na mimi nimeshapotea njia.

Katika wodi ile kulikuwa na swali moja, nalo liliingia na kila familia: huyu atapona? Wanamleta kijana amefungwa kamba, mama yake anafuata nyuma na nguo kwenye kanga, na kabla hajakaa anauliza, atapona? Mganga mkuu anasema tutajitahidi. Mama anageuka kwangu mwenye fagio, labda mwenye fagio anajua zaidi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua. Waliwahi kuletwa wawili karibu pamoja, mwalimu wa shule na utingo wa lori la Zambia, maradhi yaleyale ya kusikia watu wasiokuwepo, dawa ileile, chupa moja kwapani mwangu huku na nyingine huku. Utingo alirudi barabarani, akawa anapiga honi akipita hospitalini. Mwalimu alibaki vilevile, anaandika ukutani kwa kidole, mpaka nywele zikawa nyeupe. Mzee Silwimba nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nimeulizwa hilo tangu mkoloni, na mkoloni naye alikuwa haelewi."

Silwimba alishazikwa kwao Ikinga, kule Ileje, wakati Daktari Neema alipokuja. Huyu alikuwa binti mdogo tu wa kumtazama, mwembamba, na sauti ya upole. Alikuwa anasoma ubingwa wa maradhi ya akili. Alitukusanya chini ya paa la jiko akatueleza. Akasema kuna watu wanaugua skizofrenia, yale maradhi ya kusikia wasiokuwepo, dawa za kawaida zikawakubali, na kuna ambao hazitawakubali, na sisi tunapoteza miezi na miaka tukiwapa dawa isiyowafaa, kwa kuwa hatujui nani ni nani. Kule Dar es Salaam kuna mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo bila kupasua. Anataka wagonjwa wapya wapigwe picha mapema, kisha wapewe dawa, wafuatwe aone nani amepata nafuu na nani hajapata. Halafu arudi kwenye zile picha atafute kama kuna alama iliyokuwepo tangu mwanzo, ya kumwambia mapema.

Mpishi akauliza, "Na hiyo alama ukishaipata?"

"Tutajua nani tumbadilishie dawa mapema, Mama. Asipoteze miaka."

Nilimfikiria yule mwalimu na kidole chake ukutani. Nikajisemea, huyu binti aje, aje haraka.

Nikachaguliwa mimi niwasindikize wagonjwa, kwa sababu moja tu. Ile mashine ni tundu. Mtu analazwa chali anaingizwa kichwa kwanza ndani ya bomba, nayo inapiga kelele kama watu wanaogonga mabati, na ukitikisa kichwa picha imeharibika. Sasa umchukue mtu anayesikia watu wanamtisha ukutani, umwingize kwenye bomba linalogonga, umwambie tulia. Daktari alikuwa na wasiwasi. Mimi nikakumbuka yale makalavati.

Nyuma ya uzio wetu mkandarasi wa barabara alikuwa ameacha makalavati ya zege, yale makubwa ambayo mtu anaingia. Tukaweka godoro ndani ya moja. Kila asubuhi baada ya uji nawapeleka, mmoja analala ndani, mimi napiga debe juu yake. Mwanzoni wanatoka mbio. Baadaye wakazoea, na mmoja, seremala wa Mlowo, akakataa kabisa kutoka.

"Toka, zamu ya mwenzako," nikamwambia.

"Humu kuna utulivu, Mzee. Hata wale wananong'ona tu, wanaogopa hilo debe lako."

"Mwenzako anangoja."

"Mwambie atafute lake. Si yapo mengi?"

Ikabidi chakula cha mchana kimtoe. Daktari Neema aliposimuliwa alicheka mpaka akafuta macho, lakini aliandika. Yeye alikuwa anasikiliza kila kitu.

Huko ndiko nilikomjua Yotamu.

Yotamu alitoka Isansa, kijana wa kahawa, mwimbaji wa kwaya, na nyumba yake ya bati. Maradhi yalimwanzia wakati wa mavuno, kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Alisema ndani ya ile mashine kuna watu wanaita jina lake kila mpini unapozunguka. Kwanza aliwajibu. Kisha akaacha kulala awasikilize vizuri. Mwisho akaivunja mashine kwa shoka, na mashine ilikuwa ya ukoo mzima, ndipo wakamfunga kamba wakamleta.

Alikuja na mkewe, Tabia, mwanamke wa Msangano kule bondeni, na mtoto wa kike mgongoni. Tabia alikuwa mcheshi. Msinitazame hivyo, mtu anaweza kuwa na mzigo mkubwa na bado akawa mcheshi. Alikuwa analala kwenye kibanda cha wauguza wagonjwa, anasonga ugali wa watu wote, na Yotamu alipomwambia kwamba yeye si mkewe bali ni mtu aliyevaa sura ya mkewe, Tabia alimjibu, "Basi huyo mtu ana shida, maana ameivaa na kazi zake zote." Nilimsikia mimi. Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko anakata kuni huku analia, kuni zenyewe zimeshatosha.

Kwenye basi la kwenda Dar es Salaam tulikaa siti za nyuma, Yotamu dirishani, mimi katikati, Tabia upande wa pili na mtoto. Tumepita Makambako ndipo Tabia akaniambia. Kaka zake walikuwa wamepanda kutoka Msangano, wakakaa na ukoo wa Yotamu, wakasema wazi kwamba dada yao hawezi kuzeeka akimlinda mtu aliyeondokwa na akili. Kama ugonjwa huu ni wa kudumu, waachane kwa amani, arudi nyumbani angali kijana aolewe tena. Baba mkubwa wa Yotamu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akawajibu, "Tumesikia kuna picha. Ngojeni picha. Picha ikisema atapona, mwanamke anabaki. Ikisema haponi, hatutamshikilia mtoto wa watu." Wakakubaliana pande zote mbili.

"Na wewe umekubali?" nikamuuliza.

"Mimi sikuulizwa, Baba. Mimi nataka picha iseme atapona, basi. Nitasubiri hata miaka. Lakini lazima kitu kiseme."

Nilimwambia Daktari Neema siku ileile tuliyofika. Aliacha alichokuwa anakula. "Picha haifanyi kazi hiyo," akasema. "Bado natafuta. Ndiyo kwanza naanza kutafuta." Tuliporudi akaenda mwenyewe kwa baba mkubwa akamweleza, na mzee alipokuja hospitalini kumwona Yotamu akamweleza tena. Baba mkubwa aliitikia kwa adabu, ndiyo Daktari, tumeelewa Daktari. Kisha akaendelea kungoja picha.

Siku ya picha walimvua Yotamu mkanda, pete ya ndoa, na hirizi iliyofungwa kiunoni ambayo hata mkewe alikuwa haijui. Tabia akavipokea vyote akavifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nikaruhusiwa kukaa ndani, nimevuliwa hata vifungo vya chuma, nimeshika mguu wa Yotamu, maana mguu ndio ulibaki nje ya lile bomba. Mashine ikaanza kugonga. Nikasikia unyayo wake umekakamaa mkononi mwangu. Nikaanza kuimba polepole wimbo wa kwaya yao ya Isansa, nilikuwa nimejifunza kwenye makalavati, na ingawa hakunisikia hata kidogo kwa kelele zile, vidole vyake vya mguu vikaanza kwenda na mapigo. Kichwa hakikutikisika. Fundi wa mashine alisema hajapata picha nzuri kama ile hata kwa mtu mwenye akili zake timamu.

Tukaitazama kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nilidhani nitaona kitu, sijui moshi, sijui kidonda. Niliona kama bamia iliyokatwa kati. Tabia alisogea karibu kabisa na kioo, mtoto mgongoni, akatafuta kwa muda mrefu.

"Yuko wapi hapo?" akauliza.

Daktari Neema akamwambia, "Ni ubongo wake, mama."

"Ndiyo, nimeona. Nauliza yeye yuko wapi."

Fundi akamwita mgonjwa anayefuata.

Yotamu akaanzishiwa dawa. Na dawa, nyinyi mnajua, kwanza inachukua kabla haijatoa. Ile vurugu ilikwisha, lakini na Yotamu mwenyewe akaisha. Anatembea mikono haichezi, mate yanamtoka, ukimsalimia anafikiria kwanza. Akapewa benzeksoli ya kulegeza misuli, ikasaidia kidogo. Sauti alisema bado zipo ila zimekaa mbali. Hivyo kahawa ikachanua, ikaiva, ikachumwa, na yeye yuko vilevile, na kaka zake Tabia wakapanda tena kutoka bondeni. Safari hii hawakutaka maneno. Walisema picha iletwe isomwe.

Kikao kiliwekwa Isansa, kwenye uwanja wa nyumba ya baba mkubwa. Daktari Neema angeweza kukataa. Hakukataa, alikuja na gari la hospitali akanichukua na mimi. Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mkeka, Tabia nyuma kabisa. Baba mkubwa alivaa koti lake la kanisani.

"Daktari," akasema, "karibu sana. Sisi ni wakulima, hatuna maneno mengi. Ulimchukua mtoto wetu ukampiga picha ndani ya kichwa. Leo tunaomba utuambie imeonyesha nini. Atapona, hatapona?"

Yule binti alisimama. Alisema kwa Kiswahili kizuri, taratibu, kila mtu alisikia. Alisema picha haikuonyesha uvimbe wala jeraha. Alisema alama anayoitafuta bado haijawa na uhakika, anahitaji watu wengi zaidi, na kwa mtu mmoja mmoja picha haiwezi kusema. Alisema dawa inahitaji muda, na zipo nyingine za kujaribu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mkiniuliza kama Yotamu atapona, baba zangu, jibu la kweli ni kwamba sijui."

Kaka mmoja wa Tabia, kijana wa hasira kidogo, akasema, "Umeingia ndani ya kichwa cha mtu, umepiga picha, umetoka nayo, halafu hujui?"

"Sijui, kaka yangu. Ningejua ningewaambia."

Sasa hapa ndipo mnisikilize, nyinyi mliotoka mikoa mingine. Huku kwetu habari mbaya haisemwi. Mtu amefariki hospitalini, anayetumwa nyumbani hasemi amefariki. Anasema hali si nzuri, sijui itakuwaje, njooni tu. Na wanaosikia hawaulizi zaidi, wanaanza kutafuta blanketi na kuni za msibani. Anayeleta habari hiyo hakai wala hali chakula, anasema na kugeuka. Hivyo ndivyo tulivyokuzwa, ni heshima, humpigi mtu usoni na kifo cha mwanawe.

Daktari Neema alikuwa mtu wa pwani. Alisema sijui kwa kuwa alikuwa hajui. Chakula kilikuwa kimeiva, kuku na ndizi, na dereva alikuwa ameshapiga honi kwa sababu wingu lilikuwa limefunga na barabara ya Isansa mvua ikinyesha haipitiki. Akashukuru, akaomba radhi, akasema lazima awahi. Hakukaa. Hakula.

Nilimwona baba mkubwa akivua kofia. Wanawake kwenye mkeka wakashusha vichwa, na mmoja akaanza kulia ile sauti ya chini ambayo haiko kwa ajili ya mgonjwa. Nikaelewa kinachotokea. Nikarudi kutoka kwenye gari, nikainama kwa baba mkubwa, nikamwambia kwa Kinyiha, "Mzee, hafichi. Huyu hajui kwelikweli. Si kama sisi tunavyosema."

Alinishika mkono kwa huruma, kama vile mimi ndiye mfiwa. "Ahsante, mwanangu. Na wewe ni mtu wa hospitali, huwezi kusema vingine. Tumeelewa. Amesema vizuri sana, ana adabu yule binti."

Nilimtafuta Tabia kwa macho. Alikuwa ameshaelewa kama walivyoelewa wenzake. Nikamwendea nikamrudia maneno yaleyale. Akaniambia, "Baba, usinipe moyo. Nilisema lazima kitu kiseme. Kimesema."

Kwenye gari nilimweleza Daktari. Alimwambia dereva ageuze. Dereva akaonyesha kioo cha mbele, mvua imeshaanza, akageuza hivyohivyo, na kweli hatukufika hata kilimani. Kesho yake Daktari alirudi kwa pikipiki. Alikaa, akala, akarudia kila neno. Wakamsikiliza. Baada ya kuondoka wakasema, masikini, amekuja kutoa pole.

Tabia alikuja wodini kuaga. Yotamu alikuwa kwenye benchi la nje, mikono magotini. Akamfungulia pindo la kanga, akampa pete yake, mkanda wake, hata ile hirizi. Akamvalisha mkanda mwenyewe, kwa kuwa vidole vya Yotamu havikuwa vinafunga vizuri. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea, akamshika baba yake suruali. Yotamu alitazama ule mkono mdogo kama kitu kilichomdondokea. Tabia akamngoja aseme neno, neno lolote. Kisha akambeba mtoto. Hakuwa na ucheshi siku hiyo.

Sasa malizeni na mimi, hata kama mnajua inakokwenda.

Daktari Neema hakumwacha Yotamu. Akabadilisha dawa, akaanza ile nyingine inayotaka damu ipimwe kila mara, na damu hizo nilizipeleka mimi Mbeya kwenye sanduku la barafu, nimepakata kama mtoto. Ikafika kipindi Yotamu akaanza kunisaidia kufagia. Halafu akaanza kunisahihisha ninavyofagia. Siku moja nikamsikia anaimba jikoni, sauti ya pili, ile ya kwaya. Mpishi akazima redio.

Wiki ileile aliniuliza. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Mzee Halinga, Tabia haji siku hizi?"

Nilimweleza yote, sikumficha. Kikao, picha, mvua, kaka zake. Nikamwambia kwamba ameshaolewa bondeni na mfugaji mmoja aliyehamia huko na ng'ombe zake, mtu mwema, anamlea na mtoto. Yotamu aliendelea kuchambua maharage. Mabovu akaweka kushoto, mazuri kulia, hakukosea hata moja. Baadaye ndipo akasema, "Kwani mimi nilikufa lini?"

Siku Daktari Neema anamaliza kazi yake kwetu, nilimuuliza ile alama kama aliipata. Akasema akiwatazama wagonjwa wengi kwa pamoja anaona kitu, akimtazama mmoja peke yake kinampotea. Mimi nikamwambia ni kama kahawa, gunia utalisifu, lakini punje moja huwezi kuiapia. Akasema ni hivyo. Kisha akaniambia kwamba picha ya Yotamu, kompyuta ilikuwa imeiweka upande wa wale ambao hawatarajiwi kupata nafuu.

"Hata ningesema, Mzee, ningesema kibaya. Na niliposema sijui, wakasikia hichohicho."

Nilitaka kumpa neno la kumpoza. Nikambebea begi mpaka stendi. Wanasema mashine zile siku hizi zina akili zaidi, na mimi naombea, kwa kweli naombea, ipatikane siku moja ile alama ambayo ingefanya mtu kama yule mwalimu wetu ajulikane mapema. Lakini nyinyi mtakaowapeleka watu kwenye hayo mabomba, mkiwa hamjui, kaeni chini. Kuleni chakula. Laleni hapohapo kama mvua inakuja. Semeni hamjui, mkiwa mmeshika kijiko.

Yotamu yuko Isansa, analima kahawa na mama yake, haoi. Anakuja hospitalini kuchukua dawa, hakosi. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, mimi napiga deki pembeni namsimulia upuuzi, tukamwona Tabia anaingia getini. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na yule binti wao mkubwa, amevaa sare za shule, anakohoa. Walikuwa wametumwa na zahanati ya Msangano waje kupimwa kifua.

Alimwona Yotamu kabla sijajua la kufanya. Alimtazama jinsi alivyosimama, mikono inavyocheza, shati limechomekewa, kadi ya dawa imekunjwa vizuri.

"Hujambo, Tabia," Yotamu akasema. "Za safari? Bondeni mvua zimenyesha?"

Alisema kama mtu yeyote mzima anavyosema. Kwetu mke humsalimia mume kwa kupiga goti na kugonganisha viganja taratibu. Nilimwona Tabia viganja vinakutana na magoti yanakunja, mwili umeshaanza wenyewe. Akafika katikati, akakumbuka. Akabaki pale, amejikunja nusu, mtoto wa mtu mwingine mgongoni, hawezi kushuka wala kusimama.

Yotamu akamshika kiwiko, akamnyanyua.

"Zimenyesha," Tabia akasema.

Dirisha likamwita Yotamu. Akaenda kuchukua dawa yake.